Anza na Eneo, Kisha Saa

Kompyuta nyingi zinazofika Afrika Mashariki, hasa za mtumba, huja zikiwa bado na saa za magharibi mwa Marekani. Mwenyewe akiiwasha anakuta saa si yenyewe. Anaandika 10:00, kwa kuwa kwetu ni saa nne asubuhi, na kwa macho yake kazi imekwisha. Kumbe kosa limezidi.

Ndani yake kompyuta hutunza wakati mmoja wa dunia nzima, unaoitwa UTC. Saa unayoiona kwenye kioo ni UTC iliyoongezwa au kupunguzwa tofauti ya eneo ulilolichagua. Kenya, Tanzania na Uganda huongeza saa 3.

Tuichukue kompyuta hiyo mwezi wa Januari. Inaamini iko California, saa 8 nyuma ya UTC. Ukiiandikia 10:00, inapiga hesabu kwamba UTC ni 18:00, wakati ukweli ni 07:00. Imeitangulia dunia kwa saa 11. Barua pepe utakayoituma saa nne asubuhi kwa programu iliyomo humo itaonekana kwa mwenzako wa Mombasa kuwa imetumwa saa tatu usiku, usiku ambao haujaingia. Mitandao ya ofisi inayotumia mfumo wa Kerberos kwa kawaida hukataa kumwingiza mtu ambaye saa ya kompyuta yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5; basi anabadilisha neno la siri mara kadhaa bure. Halafu ikifika Jumapili ya pili ya Machi, Marekani husogeza saa mbele kwa ajili ya kiangazi, na kompyuta hiyo, hata ikiwa Tabora, inajisogeza vivyo hivyo. Mwenyewe anairudisha kwa mkono. Novemba mambo yanageuka tena.

Kwa hiyo usianze na saa. Fungua mipangilio ya saa, chagua eneo la Nairobi, ndipo uiruhusu kompyuta ijichukulie saa kutoka kwenye intaneti. Kwenye Windows, Nairobi ndilo eneo la Dar es Salaam na Kampala pia. Ukishalichagua, kitufe cha kurekebisha saa za kiangazi kitafifia na hakitabonyezeka, kwa sababu eneo hili halina saa za kiangazi. Kama bado kinabonyezeka, umechagua eneo lisilo letu.

Wengine huchagua Moscow au Istanbul kwa kuwa nako ni UTC+3. Ni kweli kwa leo. Lakini saa ya nchi ni uamuzi wa serikali: Urusi iliirudisha Moscow kwenye UTC+3 mwaka 2014 tu, na Uturuki ikabaki hapo moja kwa moja kuanzia 2016. Sudan Kusini, iliyokuwa nasi, ilirudi nyuma saa moja tarehe 1 Februari 2021. Mabadiliko ya namna hiyo hukusanywa katika hifadhidata ya saa za maeneo inayotunzwa na IANA, kisha huletwa kwenye vifaa vyetu pamoja na masasisho ya mfumo. Asiyesasisha hubaki na sheria za zamani. Kwa wanaotumia Linux kuna mtego mwingine: eneo lililoandikwa Etc/GMT+3 lina alama iliyogeuzwa, maana yake ni saa 3 nyuma ya UTC, nawe utapotea kwa saa 6. Andika Africa/Nairobi.

Ndugu zetu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wasichague Kinshasa. Mji mkuu unatumia UTC+1, mashariki ya Kongo inatumia UTC+2, sawa na Rwanda na Burundi.

Sisi hatusogezi saa, ila wanaosogeza wanatugusa. London iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3 majira ya baridi na saa 2 kiangazi. New York ni saa 8, kisha 7. Tena hawabadilishi siku moja: Marekani hutangulia Machi, Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Mwenye mkutano wa kila wiki na watu wa London aandike kwenye kalenda kwamba ni kwa saa za London, na kompyuta iliyopangwa vizuri itamhamishia yenyewe.

Ukifanya haya yote na bado saa inarudi tarehe za zamani kila umeme unapokatika, na tovuti zinagoma kufunguka zikidai vyeti vyake vya usalama si halali, tatizo si mipangilio. Ni betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, mara nyingi aina ya CR2032, imekufa. Mwambie fundi aibadilishe hiyo kwanza, kabla hujakubali matengenezo mengine yoyote.