Mama lishe wa Ifakara anautaka mchele wa zamani, mkulima keshauuza

Abiria anayeshuka stendi ya Ifakara saa saba mchana na njaa yake hahitaji kuelekezwa pa kula. Mabanda ya mama lishe yako jirani na stendi, mengine yako sokoni, na mengine yanategemea watu waliokuja kuuguza ndugu zao katika Hospitali ya Mtakatifu Francis. Kwa upande wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, treni ikichelewa ndiyo biashara: abiria akikaa saa tatu stesheni, lazima atakula.

Kila mwenyeji ana banda lake analolipenda, na ukimuuliza sababu hatakutajia kibao wala viti. Atakuambia habari za wali. Wali wa pale unachambuka, unanukia, na sahani inajaa. Samaki ni perege, kambale au kitoga kutoka Mto Kilombero na mabwawa yake, wa kukaanga au wa mchuzi, na pembeni matembele au maharage. Samaki hupanda bei wakati wa mafuriko, kwa kuwa maji yakitapakaa mbugani samaki nao hutawanyika, na hapo sahani ya maharage ndiyo inayotembea.

Kwa mkulima wa mpunga, hata hivyo, jambo la kutazama ni mchele wenyewe. Mama lishe mzoefu akiletewa gunia, swali lake la kwanza halihusu bei. Anauliza kama ni mchele mpya au wa zamani. Anachukua punje chache, anazitafuna, anazitazama kama zina chenga, ndipo mazungumzo yanaendelea.

Ana sababu nzuri. Mchele wa mpunga uliovunwa juzi hugandana ukipikwa, na usipopunguziwa maji unageuka bokoboko. Mchele uliotokana na mpunga uliokaa ghalani miezi kadhaa hunywa maji mengi zaidi, hufura, na punje hubaki zimeachana. Kwa mlaji hiyo ni ladha, lakini kwa muuza chakula ni idadi ya sahani.

Tufanye hesabu ya mfano. Gunia la mpunga la kilo 100 likikobolewa vizuri hutoa kiasi cha kilo 65 za mchele. Tuseme kilo moja ya mchele mpya inatoa sahani tano, na ya mchele wa zamani inatoa sita. Gunia la kwanza litatoa sahani 325 na la pili 390. Tofauti ni sahani 65. Kama sahani inauzwa shilingi 2,000, hiyo ni shilingi 130,000 zilizopatikana bila kuongeza hata punje moja. Asiyeamini apike kilo moja ya kila aina, apakue kwa upawa uleule, ahesabu sahani mwenyewe.

Kwa hiyo mama lishe yuko tayari kuongeza bei kwa mchele wa zamani. Tatizo ni kwamba mkulima mwenyewe mara nyingi hanao. Mavuno ya bondeni huanza Mei na kushika kasi Juni na Julai, wakati ambapo madeni ya trekta, palizi na ada za shule yote yanadai kwa pamoja. Wengine huuza mpunga ungali shambani. Wengine huupeleka moja kwa moja kwa mnunuzi anayepima kwa lumbesa, kipimo kilichokatazwa na sheria lakini kisichokoma. Ikifika Januari na Februari bei imepanda, mpunga uko kwa wafanyabiashara, na aliyelima anakwenda kununua mchele dukani kama mtu wa mjini.

Si haki kumlaumu mkulima kwa hili. Mwenye deni hapangi tarehe ya kuuza. Lakini kati ya kuuza yote na kutokuuza kabisa kuna nafasi. Mwenye magunia 20 akiweza kubakiza manne tu, tayari anaweza kuhudumia banda moja la chakula kwa muda wa kutosha kuona faida.

Kubakiza huko kunataka uangalifu. Mpunga ukaushwe juu ya turubai hadi unyevu ufike kiasi cha asilimia 14. Ukizidi utaota ukungu na kupoteza harufu, na ukikaushwa kwa jua kali kupita kiasi utavunjika mashineni uwe chenga. Chenga zina soko lake kwa wapika vitumbua, ila bei yake ni ya chini. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Na ubaki mpunga, usikobolewe hadi karibu na siku ya kuuza, kwa sababu ganda huuzuia kwa kiasi wadudu.

Mbegu nayo ina neno lake. SARO 5, iliyoenea tangu miaka ya 2000, ina mavuno makubwa kuliko Supa, na anayeuza kwa uzito ana kila sababu ya kuipanda. Supa hunukia zaidi, na harufu hiyo ndiyo inayoufanya mchele wa bonde hili utafutwe hadi masoko ya Dar es Salaam. Anayelenga mabanda ya chakula angefanya vyema kutenga walau ekari moja ya Supa.

Kuhusu malipo, mama lishe hana fedha za gunia zima kwa mkupuo. Hununua kilo kumi leo, kumi keshokutwa. Wakulima wengi humdharau kwa hilo na kumkimbilia mwenye lori, wakati fedha inayoingia kila wiki ndiyo inayonunua sabuni na dawa bila kugusa gunia jingine.

Angalizo moja tu: banda la chakula hufuata watu wanaposimama. Palipokuwa na kivuko cha Mto Kilombero, magari ya kwenda Ulanga na Malinyi yalipanga foleni, na waliosubiri walikula. Kivuko kilipinduka Januari 2016, kisha daraja la mita 384 likazinduliwa Mei 2018, na sasa gari linapita kwa dakika moja bila kusimama. Ni nafuu kubwa kwa msafiri na kwa mpunga wa ng'ambo, lakini foleni iliyokuwa ikilisha wauza samaki haipo tena. Lami ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, nayo imefupisha safari. Mkulima anayetafuta banda la kuliuzia mchele aanze na yale ya hospitali na sokoni, ambako wateja wanarudi kesho.