Je, Wajua? Mashabiki Wanaposubiri Msimu Mpya wa Tamthilia ya Upelelezi

Je, wajua kwamba wapenzi wa visa vya upelelezi walianza kudai mwendelezo kabla televisheni haijakuwepo? Desemba 1893 jarida la The Strand la London lilichapisha kisa ambamo Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya maji ya Reichenbach, Uswisi. Mwandishi alikuwa amemchoka mpelelezi wake, lakini wasomaji walikuwa bado wanamtaka. Barua zikamiminika, nyingine za kusihi, nyingine za matusi. Mwaka 1901 Doyle akalegeza kidogo, akaanza kuchapisha riwaya ambayo matukio yake yalitangulia kifo hicho. Mwaka 1903 akasalimu amri na kumfufua Holmes kabisa.

Je, wajua kwamba BBC iliwapitisha mashabiki wake kwenye jaribu hilohilo? Tarehe 15 Januari 2012 Sherlock wa Benedict Cumberbatch alijirusha kutoka juu ya paa la hospitali. Nchi nzima ikabaki inabishana alivyopona, na ubishi huo uliendelea karibu miaka miwili. Novemba 2013 gari la kubebea maiti lilizungushwa katika mitaa ya London likiwa limepambwa maua yenye jina la Sherlock na tarehe ya kurudi kwake: 1 Januari 2014. Tamthilia nzima ina sehemu 13 tu, kila moja ya takriban dakika 90, na tangu Januari 2017 haijaonyeshwa nyingine. Wapo wanaosubiri hadi leo, na mimi siwacheki.

Je, wajua kwa nini mwezi Mei huwakosesha usingizi mashabiki wa Marekani? Kwa miongo mingi huo ndio mwezi ambao vituo vikubwa vya televisheni hukutana na watangazaji wa biashara jijini New York na kuwaonyesha vipindi vya msimu ujao. Kabla ya mikutano hiyo, kila tamthilia inayosuasua huamuliwa: inaongezewa msimu au inafutwa. Wanaoamua huweka gharama ya kutengeneza upande mmoja na idadi ya watazamaji upande wa pili. Uzuri wa hadithi huja baadaye, ukija.

Mei 2018 ilikuwa kali. Tarehe 10 kituo cha Fox kilifuta Brooklyn Nine-Nine, kichekesho cha wapelelezi wa polisi wa New York. Kesho yake kikaifuta Lucifer, ile ya shetani aliyehama kuzimu akawa msaidizi wa polisi Los Angeles. Brooklyn Nine-Nine ilichukuliwa na NBC usiku wa siku ya pili, mashabiki hata hawajamaliza kulia. Wa Lucifer walisota zaidi ya mwezi mmoja wakipiga kelele kwenye mitandao ya kijamii, mpaka Netflix ilipotangaza tarehe 15 Juni kwamba imeichukua. Tamthilia iliyozikwa baada ya misimu mitatu ikaishi mitatu mingine. Tena msimu wa tano ulipokwisha kutangazwa kuwa wa mwisho, uliongezwa wa sita, ukatoka Septemba 2021.

Je, wajua kwamba barua za kawaida, zenye bahasha na stempu, ziliwahi kuwarudisha kazini wapelelezi wawili wa kike? Kisa hiki kinastahili nafasi zaidi. Cagney & Lacey ilianza kama filamu ya televisheni mwaka 1981, ikawa tamthilia ya CBS mwaka 1982. Iliwahusu wanawake wawili wa polisi ya New York wanaoshika kesi wenyewe, jambo ambalo televisheni ya Marekani ilikuwa haijalizoea. Nafasi ya Cagney ilipita mikononi mwa waigizaji watatu. Loretta Swit aliicheza kwenye filamu, lakini mkataba wake wa tamthilia nyingine ulimzuia kuendelea. Meg Foster akaingia, na baada ya sehemu chache wakubwa wa kituo wakalalamika kwamba wanawake hawa ni wagumu mno, wakamwondoa. Ndipo alipokuja Sharon Gless.

Mwaka 1983 CBS ikaifuta. Mtayarishaji wake, Barney Rosenzweig, hakukaa kimya: aliwahimiza watazamaji waandike kwa kituo na kwa magazeti, nao wakaandika kwa maelfu. Sehemu za zamani ziliporudiwa kiangazi hicho, watazamaji wakaongezeka. Septemba, Tyne Daly, aliyecheza Lacey, akatwaa tuzo ya Emmy kwa tamthilia ambayo ilikuwa imekwisha kufutwa. CBS ikageuza uamuzi. Machi 1984 wapelelezi hao walirudi hewani, wakadumu hadi 1988. Kuanzia 1983 hadi 1988 Emmy ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia haikutoka mikononi mwa hawa wawili: Daly mara nne, Gless mara mbili. Ni nadra kwa watazamaji kuthibitika kuwa sahihi kwa kiasi hicho.

Je, wajua kuhusu wapenzi wa Veronica Mars, msichana mpelelezi wa mji wa kubuni wa Neptune, California? Tamthilia yao ilipofutwa Mei 2007 baada ya misimu mitatu, walipeleka kituoni maelfu ya chokoleti aina ya Mars. Chokoleti hazikusaidia. Miaka sita ikapita. Tarehe 13 Machi 2013 mtunzi wake, Rob Thomas, na mwigizaji mkuu, Kristen Bell, walifungua mchango kwenye tovuti ya Kickstarter. Waliomba dola milioni 2 katika siku 30 ili watengeneze filamu. Fedha hizo zilipatikana kabla ya saa 12 kutimia! Mchango ulipofungwa, watu 91,585 walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 5.7, na filamu ikatoka Machi 2014. Mwaka 2019 mtandao wa Hulu ukaongeza msimu wa nne wa sehemu nane. Msimu huo ulimuua mhusika ambaye wengi walimpenda, na baadhi ya waliokuwa wameusubiri miaka yote hiyo walivunjika moyo vibaya. Haki yao. Lakini bila watu 91,585 kutoa fedha zao, kusingekuwa na cha kugombania.

Je, wajua kwamba The Killing ya Marekani, iliyotokana na tamthilia ya Denmark, ilifutwa mara mbili na kituo kilekile? AMC iliifuta 2012, ikairudisha, ikaifuta tena 2013. Netflix ikaimalizia kwa sehemu sita Agosti 2014, kesi ikafungwa.

Je, wajua kwamba Columbo, yule mpelelezi wa koti lililokunjamana, alikaa nje ya skrini kuanzia 1978 hadi 1989, kisha akaendelea kukamata wauaji hadi 2003?

Law & Order ilifutwa Mei 2010 baada ya misimu 20. Msimu wa 21 ulianza Februari 2022.

Twin Peaks, ya mauaji ya msichana katika mji mdogo wa msituni, ilifutwa na ABC mwaka 1991 ingawa mashabiki walikuwa wameunda kundi la kuitetea. Ilirudi Mei 2017 na sehemu 18. Hata marejeo hayo nusura yakwame: mwaka 2015 mwongozaji wake, David Lynch, alijitoa kwa sababu ya bajeti, na waigizaji wake wenyewe wakarekodi video ya kumtetea. Kwa muda wa wiki kadhaa, wasanii walikuwa wanasubiri habari kama watazamaji wao. Lynch akarudi.

Je, wajua kwamba Wajerumani hawana shida hii kabisa? Tamthilia yao ya Tatort imekuwa hewani tangu Novemba 1970 na imepita sehemu 1,200. Siri yake ni kwamba kila mji una wapelelezi wake, hivyo mmoja akistaafu tamthilia haifi.

Kimya kati ya msimu na msimu nacho kina sababu nyingi, na si zote ni kifo. Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia 2 Mei hadi 27 Septemba, waigizaji nao kuanzia 14 Julai hadi 9 Novemba. Kazi nyingi za kuandika na kupiga picha zilisimama kwa miezi, na misimu mingi ikachelewa bila kufutwa. Mara nyingine ni ratiba ya mwigizaji tu. Luther ya Idris Elba, mzaliwa wa London mwenye baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana, ina sehemu 20 zilizotawanyika kati ya 2010 na 2019, kisha filamu ya 2023.

Je, wajua kwamba Afrika nayo ina kidonda chake? The No. 1 Ladies' Detective Agency, inayomhusu Mma Ramotswe, mama anayefungua ofisi ya upelelezi Gaborone, ilipigwa picha Botswana kwenyewe. Mwongozaji wa sehemu ya kwanza, Anthony Minghella, alifariki tarehe 18 Machi 2008, siku tano tu kabla haijaonyeshwa na BBC. Mei mwaka huohuo akafariki Sydney Pollack, mmoja wa watayarishaji wakuu. Sehemu saba zilikamilika. Msimu wa pili haukuja, ingawa vitabu vya Alexander McCall Smith vilivyoizaa, vilivyoanza 1998, vimepita 20. Naiona hii kuwa hasara kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa: ni mara chache mno televisheni ya dunia imemwonyesha mpelelezi Mwafrika, kwake, katika mji wenye amani.

Kenya imejaribu. Mwaka 2021 Showmax ilianza kuonyesha Crime and Justice, tamthilia yake ya kwanza ya Kenya, Sarah Hassan na Alfred Munyua wakiwa wapelelezi wa Nairobi, na ilipata msimu wa pili.

Je, wajua kwamba orodha ya Netflix ya vipindi vilivyotazamwa kuliko vyote huhesabu siku 91 za mwanzo tu? Ukisubiri mwaka mzima ndipo uangalie, kwenye orodha hiyo haumo. Nakala ya kuibiwa, iliyopakuliwa na kugawanywa kwa flashi, haihesabiwi siku yoyote. Kama kuna tamthilia unayoipenda, itazame mapema, imalize, na uwaambie walioitengeneza kwamba umeipenda.

Na wasomaji wa Kiswahili wanajua kusubiri. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58, ilitoka kama kitabu 1960 ikimleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka 1968, cha mwisho 1984. Watayarishaji wa Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi, hadithi hizo zipo, zina mpelelezi, mafumbo na mandhari yetu wenyewe. Zipeni msimu wa kwanza. Wa pili tutaudai sisi.