Chumvi Iliyomo Ziwa Nyasa

Msomaji wa Matema anauliza: "Mito yote ya huku inashuka kutoka milimani na kumwagika ziwani mwaka hadi mwaka. Tulifundishwa kwamba bahari imepata chumvi yake kutoka kwenye mito. Mbona basi maji ya ziwa letu tunayanywa?"

Chumvi imo. Chota ndoo ya lita 20 pale ufukweni na uichemshe mpaka tone la mwisho liishe: chini yatabaki madini ya gramu 4 hivi, karibu ujazo wa kijiko cha chai. Ndoo kama hiyo ya Bahari ya Hindi ingekuachia gramu 700. Ulimi haushtuki kwa gramu 4, hasa kwa kuwa sehemu kubwa ya madini hayo si chumvi ya kupikia bali bikaboneti za kalsiamu, sodiamu na magnesiamu.

Madini hayo yametoka kwenye mawe ya volkano. Chini ya Rungwe na Kyejo ardhi bado inapumua hewa ukaa, na huko Kyejo gesi hiyo huvunwa kutoka ardhini na kuuzwa kwa viwanda vya soda. Gesi hiyo inapokutana na maji hugeuka asidi dhaifu inayolitafuna jiwe polepole. Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo maji ya kufanya kazi hiyo hayakosekani, na Mbaka, Kiwira na Lufilyo huyashusha mpaka ziwani yakiwa na mzigo wake. Mengi zaidi yangeweza kusemwa juu ya mawe, lakini raha ya swali hili iko kwingine: punje ya chumvi inapogusa maji, hasa nini kinatokea?

Shuleni husemwa kwamba chumvi "inayeyuka". Barafu nayo inayeyuka, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, maana mambo hayo mawili hayafanani. Barafu inahitaji joto tu. Chumvi ikiwa peke yake haiyeyuki mpaka ifike nyuzi joto 801. Ndani ya maji baridi kabisa inakwisha kwa sababu imezungukwa, kama peremende inavyokwisha mdomoni bila kutafunwa. Kwa hilo tunalo neno zuri, kumumunyika, na ningefurahi kama vitabu vyote vya kemia vingelishika.

Molekuli ya maji imepinda. Oksijeni iko katikati, haidrojeni mbili zimekaa upande mmoja kwa pembe ya nyuzi 104.5. Oksijeni ina uchu wa elektroni na huzivuta kwake, hivyo upande wake una chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo. Kama molekuli hiyo ingekuwa imenyooka, chaji zingefutana na leo kusingekuwa na damu, machozi wala mchuzi.

Punje ya chumvi ni ioni za sodiamu zenye chaji chanya na za klorini zenye chaji hasi, zimepangwa kwa zamu, kila moja imeshikwa na jirani zake. Fikiria mtumbwi wa wafinyanzi Wakisi kutoka Ikombe unaofika siku ya soko la Lyulilo, umesheheni vyungu vilivyobanana. Wanunuzi wanauzunguka. Chungu cha katikati hakitoki, kimebanwa pande zote. Cha kwanza kutoka ni cha pembeni, kilichoshikwa na wenzake wachache. Ioni za kwenye kona na kingo za punje huondoka vivyo hivyo. Chungu kikishatoka, watu watano au sita wanakizunguka kwa karibu kiasi kwamba hata kama mtumbwi ungekuwa na mikono, usingekifikia tena. Sodiamu huzungukwa na maji yaliyoielekezea oksijeni zao. Klorini huzungukwa na maji yaliyogeuka, haidrojeni mbele. Ndiyo maana maji huweza kuchukua vyungu vya aina zote mbili. Na wanaokizunguka si walewale: kuizunguka sodiamu, molekuli moja hutoka na nyingine kuingia mamilioni kwa mamilioni ya mara kwa sekunde, na bado duara halibomoki. Wanunuzi wakiisha, biashara inasimama. Lita moja ya maji ikishachukua gramu 360 hivi za chumvi, kinachoongezwa kinakaa chini vilevile kilivyo, ukoroge mpaka jioni.

Umati huo huziba hata mvuto wenyewe. Sodiamu na klorini zilizotengana ndani ya maji huvutana kwa nguvu iliyopungua karibu mara 80 kuliko zingekuwa hewani. Mafuta ya mawese hayana chaji ya kushikwa namna hiyo, kwa hiyo hayachanganyiki na maji.

Sasa turudi ziwani. Karibu sehemu nne kati ya tano za maji yanayopotea Ziwa Nyasa hupaa kwa jua. Molekuli ya maji hupata nguvu ya kuruka, lakini ioni hairuki. Kuitoa katika duara lake kunahitaji nguvu kubwa kuliko joto la ufukweni linavyoweza kutoa. Kwa hiyo jua huondoka na maji na kuacha chumvi. Kinachoiokoa ladha ya ziwa ni sehemu ile ya tano, inayotoka kwa Mto Shire huko Malawi, ikaingia Zambezi hadi baharini, imebeba madini yake. Ziwa Rukwa halina mto wa kutokea, na maji yake yana magadi. (Ladha si dhamana ya usalama: maji ya ziwa chemsha kabla ya kunywa.)

Mlango wa Shire umewahi kufungwa. Kuanzia mwaka 1915 hadi miaka ya 1930 maji ya ziwa yalishuka mno hata mto haukutoka, ingawa miaka hiyo ni michache mno kulitia chumvi ziwa lenye kina cha mita 700. Zamani zaidi mlango ulifungwa kweli. Mwaka 2005 wanasayansi walitoboa matope ya sakafu ya ziwa, wakasoma tabaka zake: kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita palikuwa na vipindi vya ukame vilivyoshusha maji kwa zaidi ya mita 500, na kilichobaki kilikuwa ziwa dogo, la chumvi na magadi.