Kompyuta ya sebuleni isiyonguruma: niliyojifunza Kibwezi na Mutomo

Desemba ya mwaka juzi nilishuka basi Kibwezi nikiwa nimekumbatia kompyuta yenye ukubwa wa kreti ya soda. Ilikuwa zawadi ya baba mkwe. Nilikuwa nimeiunda mwenyewe hapa Mombasa, kipande baada ya kipande, nikaijaza filamu za wajukuu, nyimbo za Kakai Kilonzo ambazo mzee anazipenda tangu ujana wake, na video za harusi zetu zote ambazo zilikuwa kwenye CD zilizoanza kukwama. Nikaiunganisha na runinga, nikaiwasha, watoto wakashangilia. Mzee alikaa kama dakika kumi, kisha akachukua kiti chake akatoka nje. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu nikamfuata chini ya mwembe.

“Mwanangu,” akaniambia, “mashine yako ni nzuri. Lakini inaninguruma masikioni kama lori linalopanda mlima.”

Mzee huvaa vifaa vya kusaidia kusikia. Vifaa hivyo vina maikrofoni ndogo inayokuza sauti zinazoifikia, na mngurumo wa feni umo ndani ya sauti hizo. Tena, masikio ya uzeeni kwa kawaida hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za herufi kama s, f na sh. Ukiwa na feni inayovuma chumbani bila kukoma, herufi hizo dhaifu humezwa kabisa, na mtu hashiki tofauti ya “fika” na “shika”. Sisi wengine masikio yetu yanazoea mngurumo na kuusahau baada ya dakika mbili. Yeye hapati nafasi hiyo. Kwa kifupi, nilikuwa nimetumia zaidi ya shilingi elfu hamsini kumfukuza mzee wa watu sebuleni kwake.

Mbona sikuisikia kelele hiyo nilipokuwa nikiijaribu? Kwa sababu niliijaribu Mombasa, ambako feni ya dari huzunguka mchana na usiku. Feni moja ilikuwa imeficha nyingine. Kibwezi nyumba haina feni ya dari, na jioni magari ya barabara kuu yakipungua unaweza kusikia mbuzi akitafuna upande wa pili wa ua.

Nimeandika haya kwa sababu wengi wetu wa Pwani tuna wazazi, wakwe au mashamba huko bara, na kila likizo watu hubeba vifaa kupeleka. Kabla hujabeba, elewa jambo moja: kelele ya kompyuta ni suala la joto. Umeme wote inaotumia kompyuta, wati kwa wati, hatimaye huwa joto, na joto hilo lazima litolewe. Wati zikiwa nyingi, feni hukimbia. Zikiwa chache, feni hutembea, au haihitajiki kabisa. Kununua feni ya bei ghali ili kuituliza mashine inayokula wati 120 ni sawa na kununua ndoo kubwa zaidi badala ya kuziba paa linalovuja.

Ukubwa wa feni nao una maana. Feni pana ya sentimita 12 ikizunguka polepole husukuma hewa sawa na feni ndogo inayozunguka kwa fujo, lakini bila kupiga mluzi. Na feni yoyote ukiipunguzia mwendo kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu ilhali kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Sikio la kawaida huona upungufu wa desibeli 10 kama nusu ya sauti, kwa hiyo hiyo ni faida kubwa sana. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na kadi ya michoro yenye feni mbili ndogo, na pawa saplai yenye feni yake. Kadi ile haikuwa na kazi yoyote pale. Niliiweka kwa sababu ya majivuno tu.

Kutazama video si kazi nzito, mradi prosesa iwe na sehemu yake maalumu ya kufungulia video. Video huhifadhiwa ikiwa imebanwa, na njia za kubana utakazokutana nazo sana ni H.264, HEVC, VP9 na AV1. Prosesa yenye sehemu ya kuifungua njia husika hufanya kazi hiyo huku imelala nusu. Isiyokuwa nayo hulazimika kutumia nguvu zake zote, ikachemka, na feni ikaanza kulia katikati ya maongezi ya filamu.

Kwa prosesa za Intel, ambazo ndizo nyingi kwenye mitumba inayoletwa kutoka maofisi ya Ulaya, angalia kizazi. Kizazi cha nne, cha mwaka 2013, hufungua H.264 vizuri lakini HEVC huitoa jasho. Cha sita, cha 2015, kinaiweza HEVC ya kawaida. Cha saba kinaongeza HEVC yenye rangi za biti 10, pamoja na VP9 ambayo YouTube huitumia sana. AV1 utaipata kuanzia kizazi cha 11. Muuzaji atakuambia “hii ni Core i5” kana kwamba ameshamaliza maelezo. Mwambie akusomee namba yote. Kwenye i5-7500T, ile 7 ya mwanzo ndiyo kizazi, na herufi T mwishoni inamaanisha prosesa iliyotengenezwa kula kidogo, wati 35 badala ya 65 za i5-7500 isiyo na herufi. Kwa sebule, herufi hiyo moja ina thamani kuliko i7 yoyote.

Nilichonunua mara ya pili ni kompyuta ndogo ya ofisi, ThinkCentre ya mtumba, nyembamba kama kitabu cha hesabu za duka, yenye prosesa hiyo ya T. Dell na HP nao wana za namna hiyo. Nilitoa shilingi 19,000 baada ya kubishana. Uzuri wake mkubwa ni kwamba pawa saplai yake ni adapta ya nje kama ya laptopu, haina feni. Inabaki feni moja tu ya prosesa. Niliifungua, nikafuta ile grisi ya zamani iliyokuwa imekauka kati ya prosesa na chuma cha kupozea, nikapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Grisi ikikauka joto halipiti vizuri, na feni hulipia kosa ambalo si lake. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, ile inayofunguka kabla mfumo haujawaka, nikachagua feni ipendelee utulivu kuliko ubaridi.

RAM ya GB 8 inatosha na kubaki. Diski ya mfumo iwe SSD, kwa kuwa haina kitu kinachozunguka. Diski kubwa ya kuzunguka, ambayo ndimo filamu zilimo, hutoa mngurumo mzito unaopita kwenye mbao za meza na kuifanya meza yote iwe ngoma. Nilichukua ile ndogo ya inchi 2.5, nikailaza juu ya kipande cha sponji. Video za harusi ziko kwenye SSD na nakala nyingine iko kwangu Mombasa, maana diski hufa bila kuaga.

Kuna mambo mawili ya Ukambani ambayo vitabu vya kompyuta havikuambii. La kwanza ni vumbi. Sisi Pwani adui yetu ni chumvi: hewa ya bahari hula miguu ya vipuri mpaka ikaota kutu ya kijani, na kwa hiyo ukinunua mtumba uliotumika Mombasa, angalia skrubu kwanza. Zikiwa na kutu nje, ndani pia kuna maneno. Makueni na Kitui ni udongo mwekundu, mwepesi kama unga wa muhogo, unaoingia popote hewa inapoingia. Ndani ya mwaka mmoja hujenga zulia kati ya mapezi ya chuma cha kupozea, joto likakosa njia, feni ikaongeza mbio, na kwa kuongeza mbio ikavuta vumbi zaidi. Mashine inayohitaji hewa kidogo huvuta vumbi kidogo. Isafishe kila baada ya miezi mitatu au minne kwa brashi laini ya rangi, na ukipuliza, ishike feni kwa kidole isizunguke ovyo.

La pili ni kitambaa. Mama mkwe, kwa mapenzi yake, aliifunika mashine mpya kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama ilivyofunikwa redio, runinga na hata jagi la maji. Jioni ile feni ilipiga kelele kama mtoto aliyefungiwa chumbani. Sikuthubutu kukiondoa kitambaa. Tulikubaliana kikae chini ya mashine, nacho kinapendeza, bora kisizibe matundu ya upande. Kabati lililofungwa kwa vioo nalo ni tanuri. Feni haiwezi kupoza kitu chini ya joto la chumba chenyewe, na chini ya paa la mabati Februari au Oktoba chumba chenyewe kimeshaanza vibaya.

Shemeji yangu ni mwalimu, anaishi upande wa Mutomo, ukifuata barabara ya lami inayotoka Kibwezi kwenda Kitui. Kwake ni sola tupu, na hapo ndipo nilipoelewa kuwa utulivu na umeme ni hesabu moja. Betri yake ni ya volti 12, ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Betri ya risasi hupaswi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo ana 600 za kutumia. Runinga yake inakula kama wati 40. Mashine yangu ya kwanza niliipima kwa kipima wati, ikawa inakula 120 ikicheza filamu. Jumla ya saa nne: 640. Betri imekwisha kabla hujawasha taa, na hujahesabu kinachopotea kwenye inveta.

Kwake tulichagua kisanduku kipya chenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka 2023, ambayo kipimo chake cha joto ni wati 6 tu na inafungua hata AV1. Kisanduku kizima kinakula kama wati 15 kikicheza video. Kwa saa nne ni 60, na ukijumlisha runinga ni 220. Tulitafuta kisicho na feni kabisa, ambacho kasha lake la chuma ndilo linalobeba joto. Usishtuke ukiligusa na kulikuta la moto, ndiyo kazi yake. Kwa wati chache hivyo kasha la namna hii linahimili joto la Mutomo likiwa mahali pa wazi. Kwa prosesa ya wati 65 nisingejaribu. Onyo moja kwa wanaopenda njia za mkato: hata kama kisanduku kimeandikwa volti 12, usikiunganishe moja kwa moja na betri. Betri ikichajiwa na jua hupanda kupita volti 14. Weka kidhibiti volti katikati.

Programu hazikunigharimu. LibreELEC ni mfumo mdogo wa bure unaowasha moja kwa moja ndani ya Kodi, kwa hiyo mzee hakutani na madirisha wala matangazo, anaona picha za filamu na nyimbo zake tu. Kuna tundu moja la kujikwaa: kompyuta nyingi hazisikii rimoti ya runinga kupitia waya wa HDMI, tofauti na vile visanduku vya bei rahisi vya Android. Nunua rimoti ndogo ya USB, yenye vitufe vikubwa. Na kama runinga ni ya 4K, kumbuka kuwa tundu la HDMI la mashine za kizazi cha saba mara nyingi huishia picha 30 kwa sekunde. Ya mzee ni ya kawaida, sikuhangaika.

Swali ninaloulizwa ni jinsi ya kuijaribu mashine dukani. Ukweli ni kwamba huwezi kusikia lolote Luthuli Avenue saa sita mchana, wala katikati ya Mombasa. Nenda asubuhi duka linapofunguliwa. Beba flashi yenye video ya HEVC, icheze dakika kumi, kisha weka sikio umbali wa mkono mmoja. Dakika ya kwanza kila mashine ni mpole. Ni ile ya kumi inayokuonyesha tabia yake. Muuzaji akikukataza dakika kumi, umeshapata jibu.

Pasaka nilirudi Kibwezi kwa treni, mashine ikiwa ndani ya begi la mgongoni pamoja na nguo. Niliiweka, nikaicheza video ya harusi yetu, nikaa pembeni nikimtazama mzee badala ya runinga. Hakunyanyuka. Ilipofika sehemu ya marehemu kaka yake kutoa nasaha, alimwomba mjukuu arudishe nyuma, wakasikiliza mara mbili, kwa sababu siku ile ya harusi alikuwa amekaa mbali na hakuwahi kujua kaka yake alisema nini.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Anasema sebule ikitulia hivyo, friji ndiyo inayomsumbua, na anauliza nitakuja lini niifungue.