Ni Nani Anayekula Intaneti Yetu?

Wakati wa likizo iliyopita palizuka ugomvi nyumbani kwetu. Baba alikuwa amelipia kifurushi cha gigabaiti 30 kitutoshe mwezi mzima, nacho kikaisha siku ya 19. Akamshuku mdogo wangu, kwa kuwa ni mpenda sinema, akamnyang'anya simu. Mdogo wangu aliapa kuwa si yeye, lakini nani amsadiki mtoto wa miaka 12? Basi kilipolipiwa kifurushi kingine nilimwomba Baba amrudishie simu kwa juma moja tu, nami nipime.

Watu wengi hudhani kuwa kazi hii yataka mitambo ya gharama. Sivyo. Habari zote hupita katika mtandao kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na chombo kinachozipitisha huhesabu baiti zake kama mita ya maji ihesabuvyo maji. Katika kompyuta yenye Linux hesabu hiyo imo katika faili iitwayo /proc/net/dev, nayo husomeka kama barua. Humo mna namba mbili za kutazama: baiti zilizoingia na baiti zilizotoka. Kazi ya programu ni kusoma namba, kungoja dakika 5, kusoma tena, kisha kutoa ile ya kwanza katika ile ya pili.

Fikira hii si yangu. Mwaka 1995 Tobias Oetiker, akiwa katika chuo kikuu cha De Montfort huko Leicester, Uingereza, alitoa programu iitwayo MRTG, iliyosoma namba za namna hiyo kila dakika 5 na kuzichora. Njia yao ya kutokea nje ilikuwa ya kilobiti 64 tu kwa sekunde. Angalia, msomaji, biti si baiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo kilobiti 64 ni kilobaiti 8 tu. Mwendo hutangazwa kwa biti na kifurushi huuzwa kwa baiti; wengi hukosea hapo.

Mimi nami nilikosea, ila kwingine. Kwanza niliiweka programu katika kompyuta ninayoitumia, ikahesabu mambo ya kompyuta hiyo peke yake. Mita ya jirani haipimi maji yako! Ikanipasa kuchukua kompyuta kuukuu na kuifanya mlango, hata kila pakiti ya nyumba ipite hapo, na kila simu nikaifungulia hesabu yake. Siku ya pili programu ikasema kuwa tumetumia chini ya sifuri. Nilihangaika usiku kucha, kumbe umeme ulikuwa umekatika, na kompyuta iwakapo tena huanza kuhesabu tangu 0. Dawa yake ni rahisi: namba mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, usitoe, ichukue kama ilivyo. Katika vyombo vingine vya zamani hesabu hufika 4,294,967,295 kisha hurudi 0 yenyewe, na hao wana dawa nyingine.

Mama aliniuliza, "Je, mwanangu, utasoma barua zangu?" Nikamjibu, "La, Mama. Napima uzito wa bahasha, sizifungui." Lakini aliuliza kwa haki, maana kompyuta iliyo mlangoni yaweza pia kuandika kila mtu ameelekea wapi. Kwa hiyo niliwaeleza wote nyumbani kabla ya kuanza, nami sikuandika ila kiasi na saa.

Juma likaisha. Simu ya mdogo wangu ilitumia kiasi kidogo, tena mchana. Mlaji alikula saa nane za usiku, sote tumelala, na ajabu ni kuwa baiti zake zilikuwa zikitoka, haziingii. Mtu atazamaye sinema huvuta. Huyu alikuwa akipeleka. Nikatazama ni simu ya nani. Ilikuwa ya Baba. Kila alipoichomeka usiku ipate moto, ilipeleka picha zake za arusi ya shangazi, mamia kwa mamia, kwenye ghala ya mbali.

Baba aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Mwite mdogo wako," akasema, "aje anionyeshe mahali pa kulizima jambo hili."