Kuzoesha Injini Mpya Yenye Tapeti Bapa: Dakika za Mwanzo
Makala haya yanafafanua uzoeshaji wa injini mpya ya Chevrolet V8 yenye tapeti bapa, aina ambayo nchini Marekani huuzwa ikiwa imeundwa kamili ndani ya kreti. Kuifunga garini ni kazi ya kawaida ya gereji. Hatari imo katika kuiwasha. Nundu za kemshafti hulainishwa hasa kwa oili inayorushwa na krenkshafti, hivyo kuiacha iungurume taratibu, jambo linalodhaniwa kuwa ni kuitunza, ndiko kuiua. Pampu ya oili huzungushwa kwanza kwa drili hadi presha ipande. Ikishawaka, huendeshwa mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kwa takribani dakika 20, kwa oili yenye zinki na fosforasi. Vinginevyo nundu husagika, na unga wa chuma husambaa hadi kwenye beringi.