Kuipanua Nyumba ya Wazee

Katika mji wa Lamu zingaliko nyumba za mawe zilizojengwa katika karne ya 18. Warithi huongezeka, vyumba haviongezeki. Kwa hiyo si ajabu mtu kutaka kuipanua nyumba ya babu zake, na kutia ndani yake jiko jipya, choo cha maji na taa za umeme. Jambo hilo ni jema, lakini yafaa kwanza aujue ukuta wake.

Ukuta wa zamani ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na unene wake hupata nusu mita hivi. Ukuta huo hunywa unyevu wa ardhini, kisha huutoa hewani. Fundi wa siku hizi, akiiona plasta ya kale inadondoka, hushauri ipigwe saruji. Kwa muda ukuta hupendeza, laini kama yai. Lakini saruji ni ngumu, nayo huuzuia unyevu usitoke. Chumvi iliyomo hukusanyika nyuma yake, na baadaye plasta hubanduka pamoja na uso wa jiwe lenyewe. Hapo wengi huongeza saruji nyingine, nao huzidisha ugonjwa. Dawa ni chokaa, ingawa hukawia kukauka.

Wengine huudhiwa na wembamba wa vyumba. Wazee hawakukosa akili: upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ambazo huvuka kiasi cha mita 3 tu. Avunjaye ukuta wa kati ili apate sebule pana huziondolea boriti mahali pa kulalia, na dari ya mawe na chokaa ni mzigo mzito juu ya vichwa vya watoto. Kadhalika ghorofa ya zege juu ya kuta hizo ni hatari. Paa la makuti juu ya nguzo ni jepesi, tena lina upepo.

Bomba la maji lisifukiwe ukutani, maana likivuja halionekani. Zidaka ziachwe, sioni aibu televisheni kukaa chini yake.

Mji huo uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, basi mwenye nyumba na aulize kwa watu wa Makumbusho ya Taifa kabla ya kubomoa. Na akiona ufa, autie alama ya kalamu kwenye ncha zake, kisha autazame masika yote. Ukiipita alama, kazi ya juu isimame mpaka msingi ukaguliwe.